Siku Moja Wrigley Field: Mwongozo wa Mgeni Anayekwenda Kutazama Besiboli Chicago

Timu ya ligi kuu ya besiboli Marekani hucheza mechi 162 kwa msimu, tangu mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba, na 81 kati ya hizo huchezwa nyumbani. Kupata mechi, basi, si kazi. Kazi ni kwamba mgeni mwenye siku tatu mjini hana muda wa kurekebisha kosa, na makosa yenyewe huwa ameshayafanya kabla hajafika getini: kanunua kiti nyuma ya nguzo, kashuka kituo chenye jina sahihi kwenye njia isiyo sahihi, kaja na begi lisiloruhusiwa, au kaiacha mechi hadi siku ya mwisho ya safari na siku hiyo mvua ikanyesha.

Uwanja tunaouzungumzia ni Wrigley Field, nyumbani kwa Chicago Cubs. Ulifunguliwa mwaka 1914 na Cubs wakahamia 1916. Uko katikati ya mtaa wa makazi, umezungukwa na nyumba za watu, wala haukuzingirwa na bahari ya maegesho kama viwanja vingi vya Marekani. Uzuri wake unatokana na hilo, na usumbufu wake pia.

Anza na ratiba, tiketi ya ndege baadaye

Fungua ratiba ya Cubs na utazame mechi za nyumbani peke yake. Timu husafiri kwa wiki nzima au zaidi, na ni rahisi sana kufika Chicago wakati wao wako California. Ikitokea hivyo usikate tamaa. Chicago ina timu ya pili ya ligi kuu, White Sox, ambao uwanja wao wa Rate Field uko kusini mwa jiji, kituo cha Sox-35th, kwenye njia ileile ya treni iendayo Wrigley. Mara nyingi timu moja ikiwa safarini nyingine huwa nyumbani. Tiketi za White Sox kwa kawaida ni nafuu na hazigombaniwi.

Timu mbili zikikutana hucheza mfululizo wa mechi tatu au nne, siku baada ya siku, mjini humohumo. Mgeni atumie mwanya huo: achague mechi ya mwanzo wa ziara yake. Mechi ikifutwa kwa mvua, tiketi hupelekwa kwenye tarehe mpya, na tarehe hiyo inaweza kuwa kesho yake au miezi miwili baadaye. Mwenyeji hajali. Wewe uliyepangiwa kuondoka Jumapili utabaki na tiketi ya mechi ya Agosti.

Hata hivyo, kama unatokea Afrika Mashariki, siku ileile ya kutua iache. Majira ya joto Chicago iko nyuma kwa saa nane. Mechi ya usiku ikianza, mwili wako unahesabu saa tisa alfajiri, na utasinzia kabla ya nusu ya mchezo. Siku ya pili, mechi ya mchana, ndiyo mpango mzuri.

Hapo pana mtego mdogo wa saa. Ratiba huandika 1:20 p.m., na hiyo ni saa saba na dakika ishirini mchana kwa hesabu yetu. 7:05 p.m. ni saa moja na dakika tano usiku. Andika saa zote mbili kwenye kalenda ya simu ili usije ukafika uwanjani saa moja na dakika ishirini asubuhi.

Mchana au usiku? Wrigley ulikaa bila taa hadi Agosti 1988, wakati viwanja vingine vilikuwa vimeshazoea mechi za usiku kwa miongo kadhaa, na mpaka leo Cubs hucheza mchana mara nyingi kuliko wenzao, hasa Ijumaa. Kama una nafasi ya mechi moja tu maishani mwako, chukua ya mchana. Uwanja huu ulijengwa kwa ajili ya jua.

Kununua tiketi, na kiti gani ununue

Bei hupanda na kushuka kama za ndege. St. Louis Cardinals, mahasimu wa jadi, wakija bei hupaa, na White Sox wakivuka mji kuja kaskazini ni vilevile. Jumamosi ya Julai ni ghali. Jumanne ya Aprili dhidi ya timu dhaifu hushuka mno, ila utalipia kwa baridi.

Nunua kwenye tovuti ya timu au kwenye soko linalotambulika la kuuziana tiketi. Walanguzi wa barabarani waachie wenyeji. Tangu Mei 2025 sheria ya Marekani inawataka wauzaji waonyeshe bei pamoja na ada zao tangu mwanzo, hivyo kulinganisha soko moja na jingine kumekuwa rahisi kuliko zamani. Ukiwa huna haraka, chungulia tena asubuhi ya siku ya mechi. Wanaotaka kuuza tiketi zao huanza kushusha bei, kwa sababu mchezo ukianza tiketi ni karatasi tu. Usijaribu hilo kwa mechi ya Cardinals.

Sasa kiti. Hapa ndipo penye tofauti kubwa, na ramani ya rangi kwenye tovuti haikwambii yote.

Mpigaji anasimama kwenye kona ya kusini-magharibi ya uwanja, na mchezo unaelekea kaskazini-mashariki. Alasiri jua linakuwa nyuma ya mpigaji, upande wa magharibi. Aliyekaa nyuma ya mpigaji au upande wa bezi ya tatu (bezi ni vituo vinne ambavyo mkimbiaji huvizunguka ili kupata alama), chini ya ghorofa, hupata kivuli mapema. Aliyekaa kwenye mabenchi ya mbali, yale yanayoandikwa Bleachers kwenye tiketi, analitazama jua uso kwa uso mchana kutwa. Isitoshe, benchi la wachezaji wa Cubs liko upande huohuo wa bezi ya tatu. Kwa hiyo ukiona viti viwili vya bei sawa, kimoja bezi ya kwanza na kingine bezi ya tatu, usifikirie mara mbili.

Viti vyenye namba za 200 viko chini lakini nyuma kidogo, na mbele yao kuna nguzo za chuma zinazobeba ghorofa ya juu. Uwanja ni wa zamani, nguzo hazikwepeki. Ukiangukia kiti kibaya, nguzo itamficha mrushaji au mpigaji, yaani nusu ya mchezo. Muuzaji anatakiwa kuandika kwamba kiti kinazuiwa kuona, ila anayeuza tena huweza kusahau. Kwa sehemu ya 200, safu za mbele ni salama zaidi. Ukiona kiti cha sehemu hiyo kinauzwa kwa bei ya kustaajabisha, jibu ni nguzo.

Ghorofa ya juu, namba za 300 na 400, inadharauliwa bure. Safu zake za mbele zinauonyesha uwanja wote kama ramani, na kwa mtu anayejifunza mchezo ni mahali pazuri kuliko kiti cha chini ambako unaona migongo ya watu.

Mabenchi ya Bleachers ni shauri jingine. Hayana namba ya kiti; anayewahi ndiye anayekaa pazuri. Watu wa huko hupiga kelele, hunywa, hutaniana na wachezaji wa timu pinzani. Wakipigiwa homurani na timu ngeni, yaani mpira uliopigwa ukavuka ukuta, anayeudaka mpira anatarajiwa kuurudisha uwanjani kwa kuutupa, na jukwaa zima litamwimbia mpaka afanye hivyo. Nenda huko kama unapenda shangwe na jua. Kama una watoto wadogo, nenda kwingine.

Jioni ya kuamkia mechi

Tiketi ni ya simu. Pakua programu ya MLB Ballpark, ingia kwa barua pepe ileile uliyonunulia, na uhakikishe tiketi inaonekana. Ukinunua kwa mtu mwingine utatumiwa kiungo cha kuipokea. Kipokee ukiwa hotelini kwenye intaneti ya uhakika. Kisha ihamishie kwenye pochi ya simu ili ifunguke hata bila mtandao. Karibu na geti maelfu ya watu hutumia mnara mmoja, na wengi hukwama hapo wakitazama duara likizunguka. Picha ya skrini usiitegemee.

Chaji simu ijae. Ukiwa na pawabenki ndogo, ibebe.

Begi: kikomo kinachotumika kwenye ligi ni inchi 16 kwa 16 kwa 8, takriban sentimita 40 kwa 40 kwa 20. Kila uwanja huongeza masharti yake, na hubadilika, kwa hiyo soma ukurasa wa Wrigley wiki hiyohiyo. Mfuko mdogo wa begani haugombi na mtu. Sanduku la safari haliingii kabisa. Wanaoumia ni wale wanaotoka hotelini asubuhi wakitaka kwenda mechi kisha uwanja wa ndege. Hoteli nyingi hukubali kukutunzia mzigo baada ya kurudisha funguo, ila uliza mapema, halafu hesabu muda wa kurudi kuuchukua.

Ndani ya uwanja fedha taslimu haipokelewi. Kila kitu ni kadi au simu. Jaribu kadi yako dukani siku moja kabla, maana benki nyingi hufunga kadi zikiona malipo ya kwanza kutoka nchi ya mbali. Anayetaka bia abebe pasipoti yenyewe: umri ni miaka 21 na wahudumu huuliza hata wenye mvi.

Nguo vaa kwa tabaka. Ziwa Michigan liko zaidi kidogo ya kilomita moja mashariki ya uwanja, na upepo wake hauna adabu. Aprili unaweza kukaa kwenye nyuzi 5 au chini ya hapo kwa saa tatu bila kusogea, na baridi ya kukaa inauma kuliko ya kutembea. Julai unahitaji kofia, mafuta ya kukinga jua na maji. Kwa mvua chukua koti jepesi. Mwavuli utakugombanisha na safu nzima ya nyuma.

Kufika: jihadhari na Addison tatu

Usije na gari. Mitaa ya jirani ina vibali vya wakazi, na maegesho ya binafsi hutoza bei ya kiti kizuri.

Treni ya kwenda ni ya njia nyekundu, Red Line, inayoelekea Howard, na kituo ni Addison. Ukitoka kituoni uwanja unauona. Kutoka katikati ya jiji, vituo vya Lake, Monroe au Jackson, ni kama dakika 20 hivi. Huhitaji kununua kadi ya Ventra, ile ya nauli ya jiji, kama kadi yako ya benki ni ya kugusisha. Iguse getini.

Tatizo ni kwamba vituo vingi vya treni Chicago vimepewa majina ya barabara zinazokatiza, na Barabara ya Addison inakatizwa na njia tatu. Njia ya bluu ina Addison yake, ya kahawia ina yake, na nyekundu ina yake. Mgeni anayetoka uwanja wa ndege wa O'Hare hupanda njia ya bluu, husikia spika ikitangaza Addison, akaruka nje akishangilia. Yuko kilomita 5 magharibi ya uwanja. Likikukuta, dawa ipo: basi namba 152 linapita barabara hiyohiyo kuelekea mashariki hadi Wrigley. Addison ya njia ya kahawia ni kosa dogo, kama kilomita moja na nusu, unatembea.

Kutoka O'Hare kwa mpangilio: njia ya bluu hadi Jackson, njia ya chini ya ardhi inayounganisha vituo, kisha nyekundu kurudi kaskazini. Kutoka uwanja wa ndege wa Midway: njia ya machungwa hadi Roosevelt, hapo unabadili kuingia nyekundu. Nauli ya kupandia O'Hare ni kubwa kuliko ya vituo vingine, usidhani umeibiwa.

Lenga kushuka Addison saa moja na nusu kabla ya mchezo. Mageti hufunguliwa karibu na muda huo. Lango kuu liko kwenye kona ya Clark na Addison, chini ya lile bango jekundu ambalo kila mtu hulipiga picha. Wenye tiketi za Bleachers waende upande wa nyuma, kona ya Waveland na Sheffield. Wanaopanga foleni geti kuu hurudishwa. Kuna ukaguzi wa vyuma. Ukishaingia, ukitoka huruhusiwi kurudi.

Ukiwa ndani, kabla ya mpira wa kwanza

Tembea kwanza. Tazama ukuta wa matofali mwisho wa uwanja, umefunikwa na mtambaazi uliopandwa mwaka 1937. Majani hukomaa katikati ya Mei. Aprili utaona matawi makavu tu. Juu ya mabenchi ya kati kuna ubao wa matokeo wa mwaka huohuo wa 1937, na namba zake bado hubadilishwa na watu waliomo ndani yake. Ukiutazama kwa subira utaona kijidirisha kikifunguka, namba ikitolewa, nyingine ikipachikwa.

Halafu tazama bendera zilizo juu yake. Upepo ukivuma kutoka ziwani unaingia usoni kwa mpigaji, na mipira mirefu hurudi kufia mikononi mwa wadakaji. Ukivuma kuelekea ziwani, kaa tayari: mipira ya kawaida itavuka ukuta. Mrushaji huziangalia bendera hizo kabla yako.

Chakula kinunue sasa, kabla foleni hazijakomaa. Wrigley huruhusu chakula chako mwenyewe cha kiasi cha mtu mmoja na maji ya chupa ya plastiki ambayo haijafunguliwa, jambo linalookoa fedha nyingi kwa familia. Ukitaka cha uwanjani, kula hotidogi ya mtindo wa Chicago: haradali, kitunguu, achari ya kijani, nyanya, tango la siki, pilipili ndogo na chumvi ya seleri, ndani ya mkate wenye mbegu juu. Kechapu haiwekwi. Hakuna atakayekukamata, lakini watakutazama. Kwa anayejali, kuandikwa kwamba soseji ni ya ng'ombe mtupu hakumaanishi kuwa ni halali.

Namna ya kuutazama mchezo

Mrushaji yuko mita 18.4 kutoka kwa mpigaji. Akirusha vizuri mpira unafika kwa sekunde 0.4 hivi. Mpigaji ana gongo. Akiukosa mpira, au akiuacha ukapita kwenye eneo halali, ni straiki. Straiki tatu anatolewa. Mrushaji akirusha nje ya eneo na mpigaji asidanganyike, ni boli. Boli nne mpigaji anapewa bezi ya kwanza bure. Upande ukitolewa watu watatu, unabadilishana na mwingine. Pande zote mbili zikishapiga, iningi moja imekwisha. Iningi ni tisa. Timu ngeni hupiga kwanza na timu mwenyeji mwisho, hivyo Cubs wakiwa mbele baada ya mgeni kupiga iningi ya tisa, mchezo umekwisha palepale. Sare hakuna: huendelea hadi mmoja ashinde, na kuanzia iningi ya kumi kila upande huanza na mkimbiaji bezi ya pili ili mambo yasicheleweshwe.

Tangu 2023 kuna saa ya mrushaji. Ana sekunde 15 kurusha kama bezi ziko tupu, na 18 zikiwa na mkimbiaji. Kabla ya saa hiyo mechi ilikuwa ikizidi saa tatu. Mwaka ilipoanza wastani ulishuka hadi saa 2 na dakika 40. Panga siku yako kwa saa tatu, ukiacha mvua.

Ubao unasomeka hivi. Herufi R ni mikimbio, yaani alama zenyewe: mkimbiaji akizunguka bezi zote hadi kurudi pale anaposimama mpigaji, ni moja. H ni mipigo iliyofanikiwa. E ni makosa ya wadakaji. Kando kuna boli, straiki na idadi ya waliotolewa. Mzoefu hatazami R peke yake. Hutazama hesabu ya boli na straiki. Boli tatu bila straiki, mrushaji lazima arushe katikati, na mpigaji anajua. Boli bila, straiki mbili, mrushaji anaweza kumchezea atakavyo. Ukianza kufuatilia hesabu hiyo, ule muda unaoonekana mtupu kati ya mpira na mpira hujaa.

Njia bora ya kuifuatilia ni penseli. Uliza kadi ya kuandikia mchezo wauzaji wakipita au kwenye vibanda, au chora yako kwenye daftari: wapigaji tisa kwenda chini, iningi tisa kwenda kulia. Kila nafasi ya mdakaji ina namba. Mrushaji ni 1, aliyechuchumaa nyuma ya mpigaji ni 2, bezi ya kwanza 3, ya pili 4, ya tatu 5. Anayesimama kati ya bezi ya pili na ya tatu ni 6, na hapa wengi hukosea, kwa kuwa macho yanataka aitwe 5. Mbali huko nyuma, kutoka kushoto kwa mpigaji kwenda kulia, ni 7, 8 na 9. Mpira ukipigwa chini kwa namba 6, naye akautupa bezi ya kwanza kabla mpigaji hajafika, mpigaji katolewa na unaandika 6-3. Ukiona 6-4-3, umeshuhudia wawili wakitolewa kwa mpigo mmoja: namba 6 kaokota, kamrushia namba 4 aliyekanyaga bezi ya pili, naye kageuka hewani akautuma kwa namba 3. Aliyekosa straiki ya tatu akiwa amepiga hewa anaandikiwa K. Aliyesimama tu akautazama ukipita anaandikiwa K iliyogeuzwa nyuma mbele. Mstari mmoja wa penseli, na aibu yote imo.

Usijilaumu ukipoteza iningi mbili za kwanza. Jirani yako akiona daftari, karibu kila mara ataanza kukueleza.

Mtambaazi nao una sheria yake. Mpira ukigonga chini kisha ukazama ndani ya majani, mdakaji anatakiwa ainue mikono yote miwili. Mwamuzi akiona, mchezo unasimama na mpigaji anapewa bezi mbili. Mdakaji akichokonoa majani kuutafuta, basi mpira bado uko hai, na mkimbiaji haachi kukimbia. Mwangalie mikono yake, usiangalie mpira. Juu ya ukuta huohuo kuna kikapu cha waya kilichowekwa 1970. Mpira ukiangukia humo ni homurani hata kama ungeishia ukutani kwenye uwanja mwingine. Umbali wa ukuta ni mita 108 kushoto na kulia, na 122 katikati.

Usalama wa kichwa na adabu za kiti

Wavu unalinda viti vya karibu, si vyote. Mpira unaopigwa pembeni unaweza kuvuka kilomita 160 kwa saa, na unafika kabla hujamaliza kusoma ujumbe. Mrushaji akijiandaa, simu iweke pajani. Na kama una mtoto asiyeweza kujikinga, lipia kiti chenye wavu mbele.

Mpira ukiingia jukwaani ni wako. Lakini usinyooshe mkono kuvuka ukuta kuingia uwanjani wakati mchezo unaendelea, utatolewa nje. Mashabiki wa Cubs bado wana kidonda cha Oktoba 2003 kuhusu mpira ulioguswa na watu wa jukwaani, na ushindi wa ubingwa wa 2016, wa kwanza baada ya miaka 108, haukukifuta chote.

Kutoka na kuingia kwenye safu fanya kati ya mpigaji mmoja na mwingine. Choo nenda katikati ya iningi, wawili wakiwa hawajatolewa bado. Ukisubiri mapumziko utakutana na uwanja mzima huko.

Katikati ya iningi ya saba watu wote husimama kujinyoosha na kuimba wimbo wa besiboli wa mwaka 1908, ukiongozwa na mgeni maalumu kutoka chumba cha watangazaji. Desturi hiyo hapa ilikuzwa na mtangazaji Harry Caray, aliyefariki 1998. Simama hata kama huyajui maneno. Mwenye haraka anaweza kuondoka baada ya hapo, ingawa mwenye busara hubaki.

Mvua ikija

Watavuta turubai kubwa kufunika uwanja. Usikimbilie treni. Mchezo ulioanza ukikatizwa kabla ya iningi tano kukamilika hauharibiki. Husimamishwa na kuendelea baadaye pale ulipoachwa. Ukipita tano, au nne na nusu mwenyeji akiwa mbele, matokeo yanaweza kuhesabiwa hapohapo. Subiri chini ya ghorofa na ufuate taarifa kwenye programu ya simu. Mechi isipoanza kabisa, soma masharti ya tiketi yako jioni hiyohiyo. Mara nyingine hupangwa mechi mbili siku moja, kila moja na tiketi yake, na mgeni hujikuta kwenye geti la mechi ya jioni akiwa na tiketi ya mchana. Kama tarehe mpya itakukuta umeshaondoka, iuze tiketi mapema kabla wengine hawajajaza soko.

Kuondoka

Mchezo ukiisha, tazama juu ya ubao wa matokeo. Bendera nyeupe yenye W ya bluu ni ushindi wa Cubs. Ya bluu yenye L nyeupe ni kipigo.

Kituo cha Addison kitakuwa kimefungana. Tembea kusini dakika kumi, mita 800 hivi, hadi Belmont. Pale kuna njia nyekundu na pia ya kahawia, na treni za kahawia hazijapita uwanjani, kwa hiyo huja na nafasi. Inakupeleka hadi katikati ya jiji. Wanaokaa kaskazini watembee upande wa pili hadi kituo cha Sheridan. Anayekwenda O'Hare achukue nyekundu hadi Jackson na kubadili kuingia bluu. Njia hizo mbili hufanya kazi saa 24, hivyo hata mchezo ukivuta hadi iningi ya kumi na tatu usiku wa manane, treni utaipata.